Picha moja, majibu mawili: kisa cha shanga za kioo chini ya hadubini

Picha ni moja. Ilipigwa kwa kamera iliyofungwa juu ya hadubini, kisha nakala zake mbili zikaenda kwa wapimaji wawili wa maabara moja, kila mmoja na kompyuta yake. Wote walitumia ImageJ, na wote waliishia kwenye amri ileile, Analyze Particles, ambayo huhesabu chembe zilizo kwenye picha na kuzipima moja baada ya nyingine. Wa kwanza alileta chembe 412 zenye wastani wa kipenyo wa mikroni 32 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Wa pili alileta chembe 250, wastani mikroni 49.8. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya tatu, cheti cha muuzaji, nacho kilisema wastani ni mikroni 61.

Chembe zenyewe ni shanga ndogo za kioo, za aina inayopulizwa kwa hewa yenye shinikizo ili kusugua uso wa chuma. Mnunuzi anataka kujua jambo moja tu: je, mzigo uliofika ndio alioagiza?

Namba za kisa hiki nimezipanga mimi ili hesabu ifuatike hatua kwa hatua. Kanuni na tabia za programu ni zilezile utakazokutana nazo kwenye picha yoyote ya chembe.

Mwenye haraka atasema mpimaji wa kwanza ni mzembe, wa pili ni makini, na muuzaji anatia chumvi. Nitaonyesha kwamba wa pili naye alikosea, ila kosa lake lilijificha vizuri zaidi, na kwamba cheti cha muuzaji hakikuwa kinagombana na yeyote kati yao. Lakini kwanza ni lazima tujue programu yenyewe inafanya nini.

ImageJ iliandikwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ikatoka mwaka 1997 kurithi NIH Image, programu ya zamani iliyokuwa ikiendeshwa kwenye Macintosh. Ni ya bure, na watu wengi siku hizi wanaipata ikiwa ndani ya Fiji, kifurushi kilichojazwa viongezi vya kila namna. Amri ya kupima chembe inafanya kazi kwa njia rahisi mno. Inapita kwenye picha mstari kwa mstari hadi igonge pikseli iliyohesabiwa kuwa sehemu ya chembe. Hapo inazunguka ukingo wote wa hilo doa, inalipima, inalifuta ili lisihesabiwe tena, kisha inaendelea na safari yake. Basi. Haijui ushanga ni nini. Kwake doa lolote lililozungukwa na eneo tupu ni chembe moja, liwe ushanga mzima, shanga tatu zilizogusana, au kibanzi cha vumbi kilichoelea kwenye tone la maji.

Kwa hiyo swali la kuuliza hapa si nani alibofya vibaya. Tunatafuta ni madoa yapi kila mmoja aliyaruhusu yafike mbele ya amri hiyo, na yakiwa na umbo gani.

Nianze na kipimo, maana kikikosewa hakuna kingine cha kujadili. Picha ina upana wa pikseli 4096 na kimo cha 3072. Mpiga picha alipiga pia rula ya hadubini, yaani kipande cha kioo chenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa mara 100, kila sehemu mikroni 10. Milimita nzima ilichukua pikseli 2000, kwa hiyo pikseli moja ni mikroni 0.5, na wapimaji wote wawili waliingiza namba hiyo kwenye Set Scale. Hapa wako salama. Wangeweza kuteleza kirahisi: anayepima sehemu moja tu ya mikroni 10 ana pikseli 20 mkononi, na akikosea pikseli 2 amekosea asilimia 10, lakini kosa hilohilo juu ya milimita nzima ni asilimia 0.1. Kuna na mtego mwingine wa kimyakimya. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha Global, kipimo kinabaki kwa picha zote zitakazofunguliwa baadaye, hata zile zilizopigwa kwa lenzi nyingine.

Mwanga nao haukuwa tatizo. Picha za hadubini huwa na pembe zenye kiza kuliko katikati, na kiza hicho huweza kuhesabiwa kama chembe. Mpiga picha alikuwa amepiga pia kioo kitupu chenye maji tu, wote wawili wakagawanya picha ya shanga kwa picha hiyo, na usuli, yaani eneo lisilo na chembe, ukawa sawa kila mahali. Ningependa wapiga picha wote wawe hivyo. Asiye na picha ya kioo kitupu hukimbilia njia ya mpira unaoviringika, ambayo Stanley Sternberg aliieleza mwaka 1983, nayo ImageJ inayo kama Subtract Background. Njia ni nzuri, lakini sharti lake ni kwamba nusu kipenyo cha huo mpira kiwe kikubwa kuliko cha chembe kubwa kabisa. Programu inapendekeza yenyewe pikseli 50. Ushanga wetu wa mikroni 52 una upana wa pikseli 104, maana yake nusu kipenyo chake ni pikseli 52. Anayekubali namba iliyopendekezwa anaiambia programu ianze kuzila shanga zenyewe kana kwamba ni usuli.

Halafu kizingiti. Picha ya kijivu ya kawaida ina ngazi 256, kuanzia 0 iliyo nyeusi hadi 255 iliyo nyeupe, na kizingiti ni ile ngazi inayoamua kipi ni chembe na kipi ni usuli. Hapa ndipo watu hugombana zaidi, na kwa kisa hiki ugomvi huo ungekuwa wa bure. Mpimaji wa kwanza aliacha njia ambayo programu huanza nayo, wa pili alichagua ya Otsu, iliyotolewa na Nobuyuki Otsu mwaka 1979, ambayo hutafuta ngazi inayoyagawa mawingu mawili ya pikseli ili kila wingu liwe na mtawanyiko mdogo kadiri inavyowezekana. Ngazi zao zilitofautiana kidogo, na vipenyo vikatofautiana kwa chini ya nusu ya mikroni. Naiacha tofauti hiyo nje ya hesabu yangu.

Isidhaniwe kwamba kizingiti hakina madhara. Ukingo wa chembe kwenye picha si mstari, ni mteremko wa kijivu wa pikseli kadhaa. Ukisogeza ukingo kwa pikseli 1 kuzunguka ushanga wote, kipenyo kinaongezeka pikseli 2, yaani mikroni 1. Ushanga wa 52 unakuwa 53, asilimia 2 hivi, na ujazo wake unakua kwa asilimia 6. Chembe ya mikroni 10 ikifanyiwa hivyohivyo inakuwa 11, asilimia 10 nzima, na ujazo wake unapanda kwa theluthi moja. Shanga zetu ni kubwa za kutosha kuvumilia. Ingekuwa chembe za mikroni 5, sehemu hii ndiyo ingemeza makala yote.

Kioo kina ukaidi wake pia. Ukimulika shanga kwa chini, mwanga unaopita katikati unafika kwenye kamera, na unaopita pembeni unapinda na kupotea. Matokeo yake ushanga unaonekana kama pete: ukingo mweusi, katikati peupe. Baada ya kizingiti unabaki na pete tupu, na usipoziba matundu utapima eneo la pete badala ya eneo la ushanga. Wote wawili waliziba. Ila pete ikiwa na ufa mahali, tundu halizibiki sawasawa, na ushanga unabaki na pengo ubavuni kama mkate ulioumwa. Shanga 18 zilikuwa na mapengo ya namna hiyo. Zikumbuke.

Sasa tufungue orodha ya mpimaji wa kwanza, madoa 412.

Ukipanga safu ya vipenyo kutoka kidogo kwenda kikubwa, madoa 172 yako chini ya mikroni 10, na wastani wake ni mikroni 4. Kisha hakuna kitu kwa nafasi pana, halafu shanga zinaanza. Pengo la namna hiyo ni habari njema, maana linaonyesha makundi mawili yasiyochanganyika. Picha ya maji matupu, ileile iliyotumika kusawazisha mwanga, ina vidoa vya ukubwa huo na kwa wingi unaokaribiana. Ni uchafu wa maji na wa kioo, si vipande vya shanga. Sanduku la Analyze Particles hufunguka likiwa limeandikwa ukubwa kuanzia 0 hadi usio na mwisho, na mpimaji wa kwanza aliliacha hivyo.

Mpimaji wa pili aliweka kikomo cha chini cha mikroni za mraba 78.5, ambalo ni eneo la duara lenye kipenyo cha mikroni 10. Alikuwa sahihi, na alikwepa mtego unaowanasa wengi: sanduku hilo linataka eneo, si kipenyo. Anayeandika 10 akidhani amesema mikroni 10, kwa kweli ameruhusu kila kitu chenye kipenyo kinachozidi mikroni 3.6 hivi. Vidoa vyetu vya mikroni 4 vingepita mlangoni bila kuulizwa.

Ukiondoa hayo 172 yanabaki madoa 240. Kati yake 29 yamekatwa na ukingo wa picha, kwa hiyo yaliyo ndani kamili ni 211. Na hapa jicho linaona ambacho jedwali halisemi: madoa 19 kati ya hayo si shanga moja moja. Kumi na saba ni jozi zilizogusana, mawili ni shanga tatu tatu. Shanga halisi zilizo ndani kamili ni 192 zilizo peke yake, na 40 zilizo kwenye makundi, jumla 232. Hilo ndilo jibu sahihi kwa picha hii, na si mpimaji wa kwanza wala wa pili aliyelileta.

Hebu tuone kama hesabu inajifunga. Tuchukulie kwa wepesi kwamba kila ushanga ni wa mikroni 52. Jozi ina eneo mara mbili, kwa hiyo kipenyo chake cha kulinganisha, yaani kipenyo cha duara lenye eneo lilelile, ni 52 mara kipeuo cha pili cha 2, kama 73.5. Kundi la shanga tatu linatoa 90. Zilizokatwa na ukingo tuziweke 38 kwa wastani. Jumlisha 192 za 52, 17 za 73.5, 2 za 90, 29 za 38 na 172 za 4, kisha gawanya kwa 412. Inatoka 32. Ndiyo namba ya mpimaji wa kwanza, na kila sehemu yake sasa ina jina.

Wa pili alijua kuhusu jozi, akatumia Watershed. Njia hii hupima kwanza kila pikseli ya doa iko mbali kiasi gani na ukingo, na kuligeuza doa kuwa mabonde: katikati ya ushanga ni shimo refu, mahali shanga mbili zinapogusana ni kilima kati ya mashimo mawili. Kisha maji yanajazwa kutoka chini, na pale maji ya bonde moja yanapokutana na ya bonde jirani unajengwa ukuta. Kwa shanga za duara zinazogusana kidogo inafanya kazi ya kupendeza. Makundi yote 19 yaligawanyika sawasawa kuwa shanga 40.

Tatizo ni kwamba Watershed haiulizwi igawe zipi. Inagawa kila doa lenye kiuno. Zile shanga 18 zenye pengo ubavuni zilionekana kuwa na viuno, zikakatwa mbili mbili. Vipande 36 badala ya shanga 18. Kwa kuwa zile 29 za ukingoni alikuwa ameziacha nje, jumla ikawa 214 nzima na vipande 36, ambayo ni 250, na kwa kuwa kila kipande kina nusu ya eneo, kipenyo chake cha kulinganisha ni kama 36.8. Wastani wa wote ni 49.8. Namba ya mpimaji wa pili nayo imejifunga.

Kosa hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linapendeza. Chembe 412 zenye wastani wa 32 zinashtua mtu yeyote aliyeitazama picha kwa sekunde tano. Lakini 250 na 49.8 ni namba zenye heshima, na nani ataamka usiku kwa ajili yake?

Jedwali lenyewe lilikuwa limeshawasema wote wawili, kama wangelisoma safu moja zaidi. ImageJ hutoa kipimo cha uduara: mara 4 pai ya eneo, gawanya kwa mraba wa mzingo. Duara kamili linatoa 1. Duara mbili zinazogusana zina eneo mara mbili na mzingo mara mbili, na ukipiga hesabu inatoka 0.5. Tatu zilizopangana kwa mstari zinatoa theluthi. Nusu duara inatoa 0.75 hivi. Kwenye picha namba hizi huyumba kidogo kwa sababu mzingo wa pikseli una meno meno, lakini makundi yanabaki kuonekana. Orodha ya mpimaji wa kwanza ilikuwa na kishada cha madoa makubwa karibu na 0.5, ambazo ndizo jozi. Ya wa pili ilikuwa na kishada cha vipande vidogo karibu na 0.75 vyenye kipenyo cha mikroni 37. Mzigo wa shanga za duara hauna sababu ya kuwa na vishada hivyo. Mimi huchora nukta za kipenyo dhidi ya uduara kabla hata sijatazama wastani. Wastani huficha, nukta zinasema.

Njia ya kusafisha ni kuitumia safu hiyohiyo kabla ya kugawa. Lainisha picha kwanza kwa kichujio cha wastani wa kati ili mapengo madogo yazibike, kisha tenga madoa yenye uduara mdogo, na Watershed ipewe hayo tu. Yanayobaki yenye utata yatazamwe kwa macho juu ya picha ya asili, mistari ya kuzungukia ikiwa imewekwa juu yake, na yakatwe au yaunganishwe kwa mkono. Kwa madoa 20 au 30 hiyo ni kazi ya dakika chache. Sielewi aibu ambayo watu huwa nayo juu ya kusahihisha kwa mkono. Mradi uandike ulichogusa.

Kuhusu zile 29 za ukingoni, nitasema kwa ufupi. Kuziacha nje ni sawa, lakini kunaleta upendeleo mdogo kwa chembe ndogo, kwa kuwa kubwa hugusa ukingo kwa urahisi zaidi. Picha yetu ina upana wa mikroni 2048 na kimo cha 1536. Ushanga wa mikroni 20 una nafasi ya asilimia 98 hivi ya kuwa ndani kamili, wa 52 asilimia 94, wa 100 asilimia 89. Anayetaka usahihi humpa kila ushanga uzito wa kinyume cha nafasi hiyo: 1.02, 1.06, 1.12. Kwa picha pana kama hii ni marekebisho ya kiungwana tu. Kwa picha finyu yenye chembe kubwa ni lazima.

Hadi hapa tuna shanga 232 na wastani wa mikroni 52. Muuzaji anasema 61. Amedanganya?

Hapa ndipo kiini cha kisa, na ndipo mazungumzo mengi ya maabara yanapoharibika. Wastani wetu unampa kila ushanga kura moja. Cheti kilitoka kwenye mashine ya kutawanya mwanga wa leza, njia inayofuata kiwango cha ISO 13320, na mashine hiyo hutoa wastani unaopima kura kwa ujazo. Ushanga mkubwa una kura nyingi, mdogo una chache. Chukua shanga 10, tisa za mikroni 40 na moja ya 80. Wastani wa idadi ni 44. Ule wa ujazo, yaani jumla ya vipenyo vilivyopandishwa kipeo cha nne ukigawanya kwa jumla ya vilivyopandishwa kipeo cha tatu, ni 58.8. Ushanga mmoja kati ya kumi umebeba asilimia 47 ya kioo chote. Shanga ni zilezile, na hakuna aliyekosea.

Tazama basi makosa ya wapimaji wetu yanavyogeuka sura ukibadilisha swali. Vile vidoa 172 vya mpimaji wa kwanza ni asilimia 42 ya idadi yake, na ndivyo vilivyoshusha wastani wake. Kwa ujazo, ukilinganisha na shanga 232 za mikroni 52, ni asilimia 0.03. Havipo. Jozi 17 kwa upande wake hazikusumbua sana idadi, lakini kila jozi iliyohesabiwa kama tufe moja la mikroni 73.5 inapewa ujazo unaozidi ule halali wa shanga mbili kwa asilimia 41. Kwa hesabu yetu nyepesi ya shanga zote kuwa 52, orodha ya mpimaji wa kwanza inatoa wastani wa ujazo wa karibu 57. Mtu yuleyule, faili lileile: kwa idadi amekuwa chini mno, kwa ujazo amekuwa juu. Ndiyo maana sipendi kuulizwa kama kipimo fulani ni kizuri kabla sijaambiwa kinaenda kujibu nini. Anayehesabu vumbi hewani anaogopa vidoa. Anayenunua kioo kwa kilo anaogopa jozi.

Shanga halisi, bila shaka, hazina ukubwa mmoja. Orodha iliyosafishwa, yenye vipenyo vyake halisi vya 232, inatoa wastani wa idadi wa 52 na wastani wa ujazo wa 60. Cheti kinasema 61.

Je, tofauti ya mikroni 1 ni kitu? Ongeza kwenye orodha yetu ushanga mmoja tu wa mikroni 100. Wastani wa idadi unasogea kutoka 52 hadi 52.2, hautikisiki. Wa ujazo unaruka kutoka 60 hadi 61. Tofauti nzima kati ya picha na cheti ni ushanga mmoja mkubwa ambao ulikuwa au haukuwa mbele ya lenzi. Hivyo mzigo unakubaliana na cheti, na mnunuzi anaweza kuambiwa hivyo leo. Asichoweza kuambiwa ni kwamba picha moja imethibitisha 61. Shanga 232 zinatosha kwa wastani wa idadi, lakini kwa ule wa ujazo shanga chache kubwa zinashika usukani, na kuzipata za kutosha kunahitaji picha nyingi. ISO 13322-1, kiwango kinachohusu kupima chembe kwa picha tuli, hakikosi kulizungumzia suala hili la chembe ngapi zinatosha.

Ripoti iliyoandikwa upya ikawa na mambo ambayo zile mbili za mwanzo hazikuwa nayo. Ilitaja mikroni 0.5 kwa pikseli na ilivyopatikana, njia ya kizingiti na ngazi iliyotoka, kikomo cha chini cha mikroni 10 pamoja na sababu yake ya picha ya maji matupu, shanga za ukingoni zilivyotendewa, madoa yaliyosahihishwa kwa mkono, na wastani wa aina zote mbili, kila mmoja kwa jina lake. Hatua zote zilirekodiwa kama makro, yaani orodha ya amri inayoweza kurudiwa, kazi ambayo ImageJ hufanya yenyewe ukiwasha kinasa chake cha amri, ili picha zijazo zipite njia moja. Faili zinahifadhiwa kama TIFF. JPEG hubana picha kwa kuchafua kingo, na kingo ndizo tunazopima.

Kuhusu mahali pa kupiga picha hizo zijazo, nafasi zitapangwa kwa gridi kabla mtu hajaweka jicho kwenye hadubini. Mkono wa mwanadamu hupenda kusogeza kioo hadi mahali penye shanga nyingi na nzuri. Lakini kabla ya gridi kuna jambo dogo lililoonekana kwenye daftari la mpiga picha: kijiko cha shanga kilichotumika kilichotwa juu ya mfuko. Mfuko uliosafiri na kutikiswa hupandisha chembe kubwa juu na kushusha ndogo chini, na hakuna programu itakayolirekebisha hilo. Kwa hiyo mfuko umwagwe wote, uchanganywe, ugawanywe nne, robo mbili zinazotazamana zichukuliwe, zichanganywe, zigawanywe nne tena, na iendelee hivyo hadi kibaki kiasi cha kijiko. Picha zinasubiri hilo lifanyike.